Baga ya Lafayette: nani hasa mnyonya damu katika True Blood?

Jumapili ya tarehe 5 Oktoba 2008 kituo cha HBO cha Marekani kilirusha sehemu ya tano ya True Blood, tamthilia ya wanyonya damu iliyokuwa imeanza kurushwa mwezi mmoja tu kabla. Tukio lililokuja kukumbukwa kuliko yote katika sehemu hiyo halina mtu mwenye chonge, jeneza, wala tone la damu ya kunywewa. Liko kwenye baa. Mhudumu anarudi jikoni na sahani, uso umemshuka, na ujumbe mdomoni unamtoka kwa shida: mteja wa meza ile anasema aliagiza baga, hakuagiza UKIMWI.

Mpishi anaitwa Lafayette Reynolds. Ni mwanamume mweusi, mwili umejengeka kwa kazi za sulubu (ana kazi nyingine ya kutengeneza barabara), macho kayapaka rangi, kichwani kitambaa, masikioni hereni. Ni shoga, na mji mzima unajua. Natumia neno hilo kwa sababu ndilo tulilonalo, na wanawake wa pwani wameitana hivyo kwa mapenzi muda mrefu kabla wengine hawajaligeuza tusi.

Lafayette anavua hereni. Hapo mtazamaji aliyekulia uswahilini haambiwi zaidi. Kwetu angejifunga kibwebwe.

Anatoka jikoni, anafika mezani, anauliza kwa sauti ya mhudumu mwenye adabu zake ni nani aliyeagiza baga yenye UKIMWI. Jamaa anajitutumua: yeye ni Mmarekani, ana haki ya kuamua nani ampikie. Lafayette anamjibu kuwa amechelewa mno. Ng'ombe anaowala wamezalishwa na mashoga, kuku wamefugwa na mashoga, hata bia iliyo mbele yake imepita mikononi mwao zamani sana. Kisha analamba mkate wa ile baga, anambandika nao usoni, na ngumi zinaanza. Akishamaliza kuwafunza yeye na wenzake kwamba ndani ya nyumba hii mtu anakula kile mpishi alichopika, anawaachia agizo la mwisho: msisahau bakshishi ya mhudumu.

Nimelitazama tukio hili mara nyingi tangu enzi za zile DVD za kunakili, diski moja msimu mzima, maandishi ya chini yakiwa ya Kichina. Kila nikirudi naona linaifanyia tamthilia yenyewe jambo ambalo waandishi wake huenda hawakulikusudia: linaifichua.

Ubunifu mkuu wa True Blood ulikuwa huu. Wanasayansi wa Japani wametengeneza damu ya maabara, inauzwa kwa chupa kama soda, kwa hiyo wanyonya damu hawana tena sababu ya kujificha. Wanajitokeza hadharani na kudai haki za uraia. Alan Ball, aliyeitengenezea televisheni kutoka kwenye riwaya za Charlaine Harris, naye akiwa shoga asiyejificha, alijaza alama zisizohitaji mkalimani. Wanyonya damu "wanatoka jenezani" kama vile mashoga wa Kimarekani wanavyosemwa "kutoka kabatini". Katika picha za utangulizi kuna bango linalotangaza kwamba Mungu anachukia chonge. Kwa Kiingereza ni herufi moja tu iliyoongezwa kwenye kaulimbiu ya kanisa la Westboro la Kansas, lile lililokuwa likienda kwenye mazishi na mabango ya kuwalaani mashoga. Kuna chama cha kutetea wanyonya damu, kina msemaji wa televisheni aliyevaa suti na kujua kutabasamu. Kuna kanisa la kuwapinga. Kuna muswada wa haki zao. Katika ulimwengu wa tamthilia, Vermont inaruhusu mnyonya damu kumuoa binadamu, na Vermont ya kweli ndiyo iliyotangulia kuwapa wapenzi wa jinsia moja muungano wa kisheria, mwaka 2000.

Na kalenda ilisaidia. Tarehe 4 Novemba 2008, msimu wa kwanza ukiwa bado hewani, wapiga kura wa California walimchagua Obama na, kwenye karatasi ileile, wakapitisha Pendekezo la 8 la kufuta ndoa za jinsia moja. Tamthilia kwa sehemu kubwa ilipigwa hukohuko California. Mtazamaji wa Los Angeles hakuwa na haja ya kuambiwa Bon Temps, mji wa kubuni wa Louisiana, unazungumzia nini.

Lakini mfano huu una kasoro, na Ball mwenyewe aliwahi kuisema kwenye mahojiano: ukiuchukulia kwa uzito kwamba wanyonya damu ni mashoga, tamthilia inageuka ya chuki, kwa maana wanyonya damu wanaua watu. Mhubiri wa Bon Temps anayesema jirani yake ni hatari kwa watoto, katika dunia ya True Blood, mara nyingi anasema kweli. Nao waandishi walilijua hilo. Msimu wa kwanza walijitahidi kuuziba ufa: wanawake wanauawa mmoja baada ya mwingine, mji unawanyooshea kidole wanyonya damu, kumbe muuaji ni binadamu anayewachukia wanawake waliolala nao. Ujanja mzuri. Uliwatosha msimu mmoja.

Sasa turudi kwenye sehemu ile ya tano, kwa sababu tukio la baga halikusimama peke yake. Usiku uleule Bill Compton, mnyonya damu mpole wa mji, amealikwa kanisani kuhutubia chama cha wazee wanaoenzi mababu zao waliopigana Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Bill alipigana vita hivyo miaka ya 1860, upande wa majimbo ya Kusini, yaani upande wa waliotaka utumwa uendelee. Wenyeji wanahangaika kuuondoa msalaba wa madhabahuni wakidhani utamdhuru mgeni. Bill anaingia, anawatoa wasiwasi, anasimulia habari za mababu zao vitani, na kanisa linalainika. Waliokuja na woga wanafuta machozi.

Yaweke matukio hayo mawili sahani moja. Kiumbe anayekunywa damu ya watu anaingia kanisani, na watu wako tayari kuhamisha msalaba ili asisumbuke. Mpishi ambaye kosa lake ni kope zilizopakwa rangi hawezi kukaanga nyama bila kutukanwa. Kinachomfungulia Bill milango ni ngozi na sare: ni mzungu, na ni mwanajeshi wa vita "vyetu". Mapema katika msimu huohuo Tara Thornton, binamu yake Lafayette, alishamuuliza Bill uso kwa uso kama alimiliki watumwa, naye akajibu kwamba baba yake alikuwa nao. Tara ni msichana mweusi mwenye jina la shamba la watumwa la kwenye riwaya maarufu, na analijua hilo na kulicheka kwa uchungu. Ndiye peke yake anayekumbuka kuuliza. Waliobaki wanamwona mnyonge anayedai haki zake.

Hapa ndipo naona msomaji wa Kiswahili ana macho ambayo Mmarekani hana.

Jaribu kuitafsiri ile hoja ya msemaji wa televisheni. "Tunadai haki sawa kwa wanyonya damu." Sikio linashtuka. Kwetu mnyonyaji si mtu wa kutetewa. Ni mtu wa kukatiwa mirija. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja unyonyaji waziwazi kuwa ndio kitu nchi ya kijamaa haitakiwi kuwa nacho, na kizazi kizima kikakua kikisikia kupe, mirija, na watu wanaonenepa kwa jasho la wengine. Lugha yetu iliamua zamani ni nani anayenyonya: aliye juu.

Na kabla ya siasa hizo kulikuwa na mumiani. Enzi za ukoloni, hadithi za wanyonya damu zilizagaa kutoka pwani hadi Katanga. Nairobi na Kampala walitajwa kama wazimamoto, Katanga batumbula, pwani mumiani. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo na kuyatolea kitabu mwaka 2000, na kinachojitokeza ni kwamba mnyonya damu wa Afrika Mashariki hakuwa na joho wala ngome mlimani. Alikuwa na gari, sare, vifaa vya hospitali, na kibali cha serikali. Watu walimwogopa kama wanavyomwogopa mtu ambaye hakuna kituo cha polisi cha kumshtakia. Bibi aliyetuzuia kutoka jioni kwa kututajia mumiani hakuwa akifundisha chuki dhidi ya jirani mgeni. Alikuwa akieleza mpangilio wa mamlaka.

Kwa jicho hilo, True Blood inakuwa tamthilia nyingine. Bill mwenye shamba, Eric Northman mwenye klabu na umri wa miaka zaidi ya elfu, malkia wa Louisiana katika kasri lake, wafalme na mahakimu wao: hao ni mabwana waliokopa lugha ya wanyonge. Na mtu anayelipa gharama ya mkopo huo ni Lafayette.

Kwenye vitabu vya Harris, Lafayette anakufa mapema. Maiti yake inakutwa ndani ya gari la mpelelezi mwanzoni mwa kitabu cha pili, kilichotoka 2002. Tamthilia iliwachezea waliosoma vitabu: msimu wa kwanza ulifungwa kwa mguu wenye kucha zilizopakwa rangi ukining'inia kwenye gari hilohilo. Watu wakakaa miezi wakidhani amekwenda. Juni 2009 ikabainika maiti ni ya mtu mwingine. Nelsan Ellis, mwigizaji wake, alikuwa amemfanya mpishi huyo mtu asiyeuawa kirahisi. Ellis, aliyesomea uigizaji kwenye chuo cha sanaa cha Juilliard, alieleza kwamba mikogo ya Lafayette aliichota kwa wanawake wa familia yake. Inaonekana. Ile namna ya kugeuza shingo kabla ya kutoa neno haifundishwi chuoni.

Basi yuko hai, lakini wapi? Yuko kwenye chumba cha chini cha Fangtasia, klabu ya Eric huko Shreveport, amefungwa mnyororo shingoni, pamoja na mateka wengine, wakisubiri zamu ya kuliwa. Kosa lake: aliuza damu ya wanyonya damu, ambayo kwa binadamu ni dawa ya kulevya. Mtu mweusi, Louisiana, minyororo, mzungu anayeamua aishi au afe. Hakuna mfano wa kufumbua hapo. Picha inasema yenyewe. Na anayeshika ufunguo ni mmoja wa lile kundi tunaloombwa tulihurumie kwa kubaguliwa. Eric akishamwachia, anamlazimisha auze damu ileile aliyoteswa kwa kuiuza, safari hii kwa faida ya malkia. Biashara haikuwa haramu, ila mwenye biashara ndiye hakuwa yeye.

Msimu wa kwanza una jambo jingine dogo ambalo nadhani lilistahili nafasi kubwa zaidi. Lafayette ana mteja wa siri, seneta wa jimbo, anayelipia mwili wake faraghani na hadharani anajijenga kisiasa kwa kuhubiri maadili na kuwapinga wanyonya damu. Waandishi wangeweza kukaa hapo. Siasa za Kusini zingeingia kwa mlango wa mbele bila kuhitaji chonge hata moja. Wakapita haraka kuelekea kwenye mapenzi ya Bill na Sookie, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu wa tamthilia, ambayo, nakiri, nilikuwa nayaruka kwa rimoti.

Kuanzia msimu wa nne mambo yanamharibikia kwa namna ya ajabu. Msimu wa tatu Lafayette alikuwa amepata mpenzi, Jesus Velasquez, muuguzi mwenye asili ya Meksiko na damu ya uganga. Kwa mara ya kwanza ana mtu wa kurudi kwake. Kisha inagundulika kuwa Lafayette ana kipaji cha kupandwa na mizimu. Kiswahili kina neno kamili kwa mtu wa aina hiyo: kiti. Pepo anamkalia, anasema kwa kinywa chake, anatembea kwa miguu yake. Mwishoni mwa msimu huo, mwaka 2011, mzimu wa mchawi mzungu aitwaye Marnie unampanda na kumuua Jesus kwa mikono ya Lafayette mwenyewe. Msimu wa sita anapandwa na marehemu baba yake Sookie, naye ni mzungu, anayetaka kumzamisha bintiye majini. Mwanamume mweusi aliyesimama mbele ya meza na kusema nyumba hii ni yangu, sasa mwili wake ni nyumba ya kupanga. Wazungu waliokufa wanaingia na kutoka, na yeye anabaki kusafisha.

Kwenye uganga wa kwetu kiti angalau hupewa ubani, kanga mpya na heshima yake. Lafayette alipewa msiba na utani mwingine wa kusema.

Binamu yake hakufika mbali zaidi. Tara, ambaye kwenye vitabu ni mzungu na Ball akamfanya mweusi kwa makusudi, alipigwa, akatekwa, akapigwa risasi, akageuzwa mnyonya damu bila kuulizwa. Msimu wa saba, mwaka 2014, ukamuua dakika za mwanzo kabisa, tena nje ya kamera. Tunamwona mama yake akiwa ametapakaa damu anapiga kelele, basi. Mtu aliyeuliza swali la watumwa hakupewa hata kifo cha kuonekana. Sina subira na wanaosema huo ulikuwa uamuzi wa kisanaa.

Lakini niliyotaka kuyafikia ni magonjwa, kwa sababu baga ilianza na ugonjwa. Aliyeirudisha alikuwa akisema kitu ambacho Afrika Mashariki tunakijua kwa ndani. Nani hakuona, miaka ile ya tisini, kikombe cha mgonjwa kikitengwa, sahani ikioshwa peke yake, jirani akikataa chai kwenye matanga kwa sababu mwenye nyumba "amekanyaga miwaya"? Virusi haviambukizwi kwa chakula, na yule jamaa wa Bon Temps huenda alikuwa anajua hivyo. UKIMWI mdomoni mwake ulikuwa jina jingine la mpishi. Kusini mwa Marekani jina hilo lina uzito wake: Februari 2016 kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilikadiria kwamba mwenendo wa wakati ule ukiendelea, mmoja kati ya kila wanaume weusi wawili wanaofanya mapenzi na wanaume angepata VVU maishani mwake. Lafayette alikuwa akipigania heshima yake juu ya kaburi halisi.

Mwaka 2013, msimu wa sita, tamthilia ikaingiza virusi vyake yenyewe. Gavana wa Louisiana, Truman Burrell, anawafungia wanyonya damu kambini, anawafanyia majaribio, na watu wake wanaunda ugonjwa uitwao Hep-V. Wanautia kwenye chupa za ile damu ya dukani. Soma tena: serikali inatia ugonjwa kwenye chakula. Ile baga ya kubuni ya mteja mwenye chuki imepikwa kweli, na aliyeipika ni ikulu ya jimbo. Hapo, kwa sehemu chache, True Blood iligusa kitu ambacho wasimulizi wa mumiani wangekitambua mara moja: sare, maabara, sindano, kibali.

Wakakiachia. Msimu wa mwisho wagonjwa wa Hep-V wamekuwa makundi ya njaa yanayovamia mji usiku na kubeba watu. Mgonjwa amegeuka tena hatari, kama yule mteja alivyodai miaka sita nyuma, na mji unajipanga kwa bunduki. Bill anaambukizwa, anakataa tiba, anaomba kufa, na tunatakiwa tulie.

Tiba yenyewe inapatikana kwenye damu ya Sarah Newlin, mke wa zamani wa mhubiri wa lile kanisa la kuwapinga wanyonya damu, kwa vile alikunywa dawa yote iliyokuwapo. Eric na msaidizi wake Pam wanamkamata. Kutokana naye wanatengeneza kinywaji kipya, wanakitangaza kwenye televisheni wakiwa wamevaa kitanashati, kampuni inaingia soko la hisa la New York, wanatajirika. Sarah mwenyewe wamemweka Fangtasia, kwenye chumba cha chini. Wateja wenye pesa wanashuka ngazi na kulipa kwa dakika ili wamnyonye moja kwa moja.

Ni chumba kilekile. Mnyororo umebadilisha mtu.